C+ ya pointi 50 na ndoto ya uuguzi: mama wa Kisumu anauliza aanzie wapi

*"Mwalimu, hujambo. Mimi ni mama ninayeuza omena soko la Kibuye hapa Kisumu. Binti yangu alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akapata C+ ya pointi 50. Kiswahili ana B+, Historia na dini ya Kikristo (CRE) ana B-, Kiingereza na Biolojia C+, Kemia C, Hisabati D+. Anataka digrii ya uuguzi, Maseno au Masinde Muliro, na hataki kusikia kitu kingine. Kijana wa saiba, pale kwenye duka la intaneti, ameniambia C+ inatosha kozi yoyote, ila nimpe elfu tano ndiyo 'aiweke' uuguzi isikataliwe. Jirani naye anasema aombe kozi yoyote itakayomkubali, akishafika chuoni atahamia uuguzi. Upande wa pesa, wengine wananiambia serikali inalipa kila kitu, wengine kwamba mahakama ilifuta huo mpango kwa hivyo nisihangaike kuomba. Tena jina lake kwa cheti cha kuzaliwa linatofautiana herufi moja na lile la shule. Nifanye nini, na nianzie wapi?"*

Sijambo mama, na hongera kwako na kwa binti. Usimruhusu mtu akuambie kwamba C+ ni kitu kidogo. Katika KCSE ya mwaka 2024 waliofanya mtihani walizidi 962,000, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391, yaani mmoja kati ya wanne hivi. Binti yako yuko katika kundi hilo, na ameingia humo akiwa na Hisabati ya D+ inayomvuta chini. Masomo yake mengine yalifanya kazi kubwa.

Nikisoma swali lako naona mambo manne yamefungwa pamoja: kozi, kijana wa saiba, pesa na jina. Nitaanza na lile litakalouma, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Kwa matokeo haya, digrii ya uuguzi haitapatikana. Shida si uzembe wa mtu wala kukosa bahati, na hakuna aliyemfungia binti yako mlango kwa makusudi. Kozi hiyo inataka angalau C+ katika Biolojia, C+ katika Kemia, C+ katika Hisabati au Fizikia, na C+ katika Kiingereza au Kiswahili. Biolojia anayo na lugha anayo. Kemia ya C imepungua hatua moja, na Hisabati ya D+ imepungua hatua tatu. Ni afadhali mjue leo mkiwa nyumbani kuliko mjue matokeo ya uteuzi yakishatoka.

Hapo ndipo kijana wa saiba alipokosea, na hayuko peke yake. Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu, husema "C+ ni ya chuo kikuu" wakaishia hapo. C+ ndiyo kiwango cha chini cha kuomba digrii, kweli, lakini ni nauli ya kukufikisha steji tu. Gari utakalopanda linaamuliwa na masomo yenyewe, moja moja.

Sasa nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda, maana ukishaelewa hutadanganywa tena. Wanafunzi wa digrii wanaofadhiliwa na serikali hupangiwa nafasi na KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 likachukua kazi iliyokuwa ya JAB, bodi ya zamani ya udahili. Ombi hupita kwenye vichujio viwili. Cha kwanza ni masharti ya masomo. Kila kozi ina masomo yake na gredi ya chini kwa kila somo, na hapa hakuna kujadiliana. Mwenye A katika masomo sita na C katika somo moja lililotakiwa C+ hukwama sawasawa na mwingine yeyote.

Kichujio cha pili ni ushindani. Waliotimiza masharti ya kozi fulani katika chuo fulani hupangwa kwa pointi zao za klasta, kutoka juu kushuka, hadi nafasi zijae. Klasta ni masomo manne ambayo kozi hiyo inayatazama. Kila somo lina pointi 12 kwa A, zikishuka hadi 1 kwa E, kwa hivyo manne yanafika 48. Pointi hizo huchanganywa na jumla ya masomo saba, ambayo kikomo chake ni 84. Kwa makadirio, unachukua pointi za masomo manne ukagawanya kwa 48, unachukua jumla yako ukagawanya kwa 84, unazidisha majibu hayo mawili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48.

Tumfanyie binti yako, tuseme kwa ualimu wa masomo ya sanaa. Kiswahili 10, Historia 8, CRE 8, Biolojia 7: jumla 33. Gawanya 33 kwa 48, zidisha kwa 50 juu ya 84, tafuta kipeuo, zidisha kwa 48, unapata karibu 30.7. Hesabu ya KUCCPS yenyewe huingia ndani zaidi kuliko hii, kwa hivyo takwimu atakayoiona kwenye tovuti inaweza kupanda au kushuka kidogo. Hiyo ya tovuti ndiyo ya kufuata. Yangu ni ya kukuonyesha njia.

Nataka uone kitu kingine hapo. Kozi ya sheria inataka B ya Kiingereza au Kiswahili. Binti yako ana B+ ya Kiswahili, kwa hivyo kichujio cha kwanza cha sheria anakivuka bila wasiwasi. Lakini sheria inapiganiwa, na wanaochukuliwa huwa na pointi za klasta zilizo juu sana ya 30. Huko angekwama kwenye kichujio cha pili, na kwenye uuguzi amekwama kwenye cha kwanza. Wazazi hutumia neno moja kwa yote mawili, "amekataliwa", ilhali tofauti ni kubwa. Anayekwama kwenye ushindani anaweza kujaribu kozi hiyo hiyo katika chuo ambacho haigombaniwi sana. Anayekwama kwenye masharti ya somo hana chuo cha umma cha kukimbilia kwa kozi hiyo, awe Kisumu, Kakamega au Nairobi.

Na zile pointi za mwaka jana ambazo watu hutumiana kwenye WhatsApp, msizichukue kama sheria. Ni pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Hakuna ofisi iliyokaa ikaziweka. Waombaji wakiongezeka zinapanda, wakipungua zinashuka. Zinafaa kwa kukisia tu: kozi iliyomchukua mtu wa mwisho akiwa na 29 inaeleweka mkiijaribu na 30.7, lakini ile ya 38 ikiwa chaguo la kwanza mtakuwa mmeipoteza nafasi hiyo.

Turudi kwa elfu tano. Usimpe. Hakuna mtu wa saiba, wa chuo wala wa wizara anayeweza "kuweka" kozi ambayo masomo hayaruhusu. Matokeo hutoka KNEC, baraza la mitihani, moja kwa moja hadi kwenye mfumo, na mfumo ndio unaolinganisha. Ada rasmi ya kuomba ni shilingi 1,500, inalipwa kwa njia inayoonyeshwa ndani ya akaunti ya mwombaji mwenyewe. Kijana akidai senti zake za kuwahudumia kwenye kompyuta na kuchapisha karatasi, mlipe, ni kazi halali. Elfu tano ya "kuweka" ni wizi, hata kama anayeiomba ni mtoto wa jirani mnayesalimiana kila asubuhi.

Kuna hatari nyingine hapo saiba ambayo haisemwi sana. Mara nyingi mhudumu huweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili kazi iende haraka. Binti anatoka akidhani mambo yameisha. Wiki mbili baadaye anataka kubadilisha chaguo, ujumbe wa kurejesha nenosiri unaenda kwa simu ya mtu aliyehamia Busia. Kwa hivyo binti aende na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, barua pepe aliyoifungua mwenyewe, akae mbele ya kompyuta yeye, na mhudumu aelekeze akiwa pembeni. Akimaliza atoke kwenye akaunti, na asihifadhi nenosiri kwenye mashine ile.

Ushauri wa jirani wa kuingia kwanza na kuhama baadaye una nusu ya ukweli. Uhamisho upo. KUCCPS hufungua muda wa kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine, na ndani ya chuo kuna utaratibu wa kubadilisha kozi kupitia ofisi ya msajili wa masuala ya masomo. Lakini anayehama hupimwa kwa masharti yale yale ya kozi anayoiendea. Kemia ya C haigeuki C+ kwa kuwa mtu amekaa Maseno muhula mmoja. Nimeona vijana wakiishi mwaka mzima wa kwanza kwa matumaini hayo, hawasomi kozi waliyo nayo kwa sababu moyoni wameshaiacha, na mwisho wanabaki na alama mbaya katika kozi ambayo hawakuitaka. Akiingia kozi fulani, aingie akijua ndiyo atakayoimaliza.

Basi zipo njia gani? Naziona tatu za kweli, na hazilingani uzito.

Ya kwanza ni diploma ya uuguzi katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambayo maombi yake siku hizi pia hupitia KUCCPS. Kiwango chake ni C ya jumla, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Mtazame binti yako tena kwa jicho hili: jumla C+, Kiswahili B+, Biolojia C+, Kemia C. Anavuka kila sharti. Muuguzi wa diploma hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, husajiliwa, hupewa leseni, na ndiye unayemkuta wodini ukimpeleka mtoto hospitali saa nane za usiku. Baada ya kufanya kazi, vyuo vikuu kadhaa vina programu ya digrii kwa wauguzi waliosajiliwa, na anayeomba huko huanza na diploma yake mkononi. Ni njia ndefu kuliko ya moja kwa moja, sikufichi, na nafasi za KMTC zinagombaniwa vikali. Lakini inafika pale pale anapotaka kufika.

Ya pili ni digrii nyingine ambayo masomo yake yanairuhusu. Ualimu wa sanaa kwa Kiswahili na Historia, au Kiswahili na CRE, unamkaa vizuri, kwa sababu TSC, tume ya kuajiri walimu, hutaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili anayofundisha, na yeye anayo yote kwa ziada. B+ ya Kiswahili ni kipawa, na mtoto mwenye kipawa hicho huwa nasikitika akiambiwa kwamba kozi za lugha ni za walioshindwa. Ila ukweli wa upande wa pili ni kwamba walimu waliohitimu ni wengi, na kungoja ajira ya TSC kunaweza kuchukua miaka. Muda huo wengi hufundisha shule za kibinafsi kwa mshahara mdogo. Mlijue hilo kabla ya kuchagua.

Kozi hizo zipo karibu nanyi. Mbali na Maseno na Masinde Muliro, kuna Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Kibabii Bungoma, Kaimosi Friends kule Vihiga, Alupe Busia, Tom Mboya Homa Bay, Rongo, Kisii, na ukipanda upande wa Nakuru kuna Egerton pale Njoro. Kozi moja inaweza kuwa ngumu kuingia katika chuo kikongwe kilicho mjini na ikawa nyepesi zaidi katika chuo kichanga, ilhali digrii ni ile ile na mwajiri ni yule yule. Usisahau hesabu ya kitanda: chuo ambacho binti anaweza kukifikia kwa matatu kutoka nyumbani, hata kama si kila siku, kinakuokolea kodi ya chumba ambayo hakuna mkopo unaoitosheleza vizuri.

Ya tatu ni kurudia KCSE. Siipendi kwa binti yako, na nitakuambia kwa nini. Masomo hayachanganywi kutoka mitihani miwili, kwa hivyo hawezi kurudia Kemia na Hisabati peke yake akabaki na Kiswahili chake cha B+. Atafanya yote saba upya. Kemia kupanda kutoka C hadi C+ naweza kuiamini. Hisabati kutoka D+ hadi C+ ndani ya mwaka mmoja inawezekana, lakini kwa wachache sana, na hapo bado hajagusa ushindani wa kichujio cha pili. Isitoshe, mfumo wa 8-4-4 unaisha: KCSE ya mwisho ya wanafunzi wa mfumo huo ni ya mwaka 2027. Muda wa kujaribu tena na tena haupo.

Ningekuwa karibu na binti yako ningemuuliza swali moja kabla ya kugusa kompyuta: unataka kumhudumia mgonjwa, au unataka kusema niko chuo kikuu? Simwambii kwa kumkejeli. Ni haki yake kutaka yote mawili, na marafiki zake wanaenda vyuoni, inauma kubaki. Lakini jibu lake ndilo litakaloamua. Kama ni mgonjwa, diploma ya KMTC ndiyo chaguo langu bila kusita. Kama ni chuo kikuu, basi aache uuguzi kabisa na achague kozi ya digrii kwa moyo mweupe. Amua naye, mama, usimwamulie. Mtoto aliyelazimishwa kozi hukaa nayo miaka minne, na siku ya kwanza karo ikichelewa ndiyo siku atakayoona sababu ya kuiacha.

Mkiamua digrii, jazeni nafasi zote za kuchagua. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndipo watoto wengi wazuri hupotelea. Mtu anajaza kozi moja anayoipenda katika vyuo vyenye majina makubwa, nafasi za chini anaziacha wazi au anaweka kozi za kubahatisha, halafu analia hakupangiwa. Mfumo hutazama chaguo la kwanza, likishindikana linalofuata, hadi la mwisho. Juu wekeni kozi anayoitamani ambayo pointi zake zinaikaribia, katikati zile zinazolingana naye, na mwisho moja au mbili ambazo pointi zake zinazizidi wazi lakini ambazo kweli yuko tayari kuzisoma. Akikosa zote, KUCCPS hufungua dirisha jingine la kuomba nafasi zilizobaki. Huko mnachagua katika mabaki, kwa hivyo msilipangie kama njia ya kwanza.

Jambo moja la kuangalia kwenye orodha hiyo: tovuti ina vyuo vya umma na vya kibinafsi pamoja. Anayepangiwa chuo cha kibinafsi anaweza kupata mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ufadhili wa serikali usiorudishwa haumfikii. Kwa familia inayoishi kwa biashara ya sokoni, tofauti hiyo ni nzito. Soma jina la chuo vizuri kabla ya kubonyeza.

Sasa pesa. Serikali hailipi kila kitu, na mpango haujafutwa. Huu ndio ukweli wake. Mfumo mpya wa ufadhili ulizinduliwa mwaka 2023. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na hapo ndipo habari ya "umefutwa" ilipotoka. Lakini mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo, na maombi yakaendelea. Aliyekuambia nusu ya kwanza ya habari hakudanganya, ila hakungoja nusu ya pili.

Mfumo wenyewe huweka familia katika bendi tano kulingana na uwezo. Bendi ya kwanza, ya wahitaji zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Bendi ya tano hupata ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia hulipa asilimia 40. Tuseme kozi inagharimu shilingi 150,000 kwa mwaka, namba ya mfano tu. Bendi ya kwanza mtalipa 7,500. Bendi ya tano mtalipa 60,000. Kuna pia mkopo wa matumizi, kati ya 60,000 kwa bendi ya kwanza na 40,000 kwa bendi ya tano kwa mwaka, ambao huenda kwa mwanafunzi mwenyewe. Ile ya karo hutumwa chuoni moja kwa moja. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka na ni deni la binti yako. Atalilipa akishamaliza masomo, kwa hivyo asiuite msaada.

Viwango vya ada za kozi vimekuwa vikipitiwa upya, kwa hivyo msipange bajeti kwa karatasi ya mtoto wa jirani aliyeingia miaka miwili iliyopita. Chukueni ile iliyo kwenye barua ya binti yako.

La kushika zaidi: ufadhili hauji wenyewe kwa kupangiwa chuo. Binti lazima aombe kwenye tovuti ya HEF, ile ya ufadhili wa elimu ya juu, kando kabisa na ombi la KUCCPS. Hapo hapo anaomba ufadhili na mkopo pamoja. Asipoomba, anahesabiwa kama anayejilipia, na chuo kitadai karo nzima. Mkopo pia huombwa upya kila mwaka. Wazazi hufikiri fomu moja inatosha hadi kuhitimu, na mwaka wa pili wanashtukia deni.

Maswali ya HEF yanahusu mapato ya nyumbani, shule alizosoma, karo mliyokuwa mkilipa, wategemezi, mzazi aliyefariki, ulemavu. Jibuni ukweli mtupu. Usijifanye tajiri kwa kuona haya mbele ya kijana wa saiba, jambo ambalo akina mama hufanya zaidi ya unavyodhani, wala usifiche kitu mlicho nacho. Biashara ya omena ina siku za faida na miezi ya ziwa kufungwa, kwa hivyo toa wastani wa mwaka, sio wa wiki nzuri. Kama bendi itakayotoka haifanani na hali yenu, upo utaratibu wa kukata rufaa kwenye akaunti hiyo hiyo, na barua ya chifu, stakabadhi za basari au cheti cha kifo cha mzazi huipa rufaa nguvu. Wakati huo huo ombeni basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge. Ni pesa ndogo, lakini ndizo mara nyingi huziba ile asilimia ya familia.

Nimeliacha jina la mwisho ingawa kwa mpangilio wa kazi ndilo la kuanza nalo, wiki hii hii. Ili kuingia kwenye akaunti ya KUCCPS binti anahitaji namba yake ya mtihani wa KCSE, mwaka aliofanya, na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, kama ilivyoandikwa siku shule ilipomsajili kwa mtihani. Kama karani wa shule aliruka tarakimu moja siku ile, ile sahihi iliyo kwenye cheti chenu haitafungua. Mkikataliwa, msirudie mara kumi. Nendeni shuleni mkaombe kuonyeshwa namba iliyotumwa KNEC.

Kuhusu herufi, kwanza tafuteni iliyokosewa iko wapi. Chukua cheti cha kuzaliwa, karatasi ya matokeo ya KCSE na kitambulisho chako, viweke mezani kando kwa kando, soma jina herufi kwa herufi. Kosa likiwa la KNEC, mwalimu mkuu ndiye huwasilisha ombi la kusahihisha. Likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, mnaenda ofisi ya usajili wa raia. Tofauti ndogo ya herufi vyuo vingi huikubali kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, ikisema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kama binti bado hajachukua kitambulisho cha taifa, hakikisheni kinatoka na jina la KCSE. Jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya chuo, akaunti ya benki, HELB na cheti cha kuhitimu, na kila karatasi isiyofanana nayo itamrudisha foleni.

Barua ya kujiunga ikishatoka, chuo huweka kwenye tovuti yake fomu za kujaza. Inayochelewesha sana ni ya uchunguzi wa afya, kwa kuwa hujazwa na daktari, mara nyingi wa hospitali ya serikali, na wiki ya kuripoti foleni huwa ndefu. Afanyiwe mapema. Atabeba karatasi ya matokeo ya KCSE na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho kama anacho, cheti cha kumaliza shule, picha za pasipoti, uthibitisho wa kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na stakabadhi ya benki ya sehemu ya karo iliyo yenu. Mkikosa hiyo sehemu siku ikifika, asibaki nyumbani kimya. Aandikie ofisi ya msajili barua ya kuomba kuahirisha, au aende mwenyewe akaeleze. Aliyeahirisha kwa barua ana nafasi yake, lakini asiyeripoti bila neno anaweza kuipoteza.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Akaunti ikikataa kufunguka hata baada ya shule kuthibitisha namba, nenda Kituo cha Huduma hapo Kisumu ukiwa na binti na karatasi zote, za asili na nakala. Kwa shida ya mkopo au bendi, uliza dawati la HELB. Kwa ulinganisho wa kozi na masharti, mrudie mwalimu wa ushauri wa kazi katika shule aliyotoka, kwa kuwa yule ana matokeo yake na anamjua. Na kama binti amekuwa akijifungia chumbani, hali chakula, anasema maisha yameisha kwa sababu ya Kemia, basi kozi isubiri. Mpeleke kwanza kwa mshauri nasaha au hospitali iliyo karibu, usimwache peke yake siku hizo. Dirisha la KUCCPS lina siku zake na tutazipangia. Ukitaka, njoo naye shuleni kwangu siku yoyote ya wiki baada ya saa tisa alasiri, mje na karatasi ya matokeo, nasi tutakaa naye tuipitie orodha ya kozi yeye mwenyewe akiwa ameshika kipanya.